Swali likiulizwa vibaya, 'Ndiyo' hupoteza maana

Kwa miaka mingi nimekuwa mlezi wa chama cha wanafunzi wa Kiswahili chuoni. Chama hicho kina desturi ninayoienzi sana: Alhamisi jioni, kila baada ya majuma mawili, wanachama huugeuza ukumbi wa mihadhara kuwa bunge la kuigiza. Mmoja huwa Spika, baadhi huketi upande wa serikali, wengine upande wa upinzani, naye karani huweka kumbukumbu. Mwanzoni yalikuwa mazoezi ya ulumbi tu. Baadaye wanafunzi waliupenda utaratibu huo hata wakaanza kuutumia kuamua mambo halisi ya chama, yakiwemo ya pesa.

Hapo ndipo nilipofunzwa somo ninalotaka kulieleza leo. Kanuni za mjadala na za upigaji kura, kabla ya kuwa kanuni za sheria au za siasa, ni kanuni za lugha. Anayezidharau akidhani ni mbwembwe za wakubwa atalipa siku moja, au atamlipisha mwenzake.

Muhula mmoja, mwanachama wetu mmoja alikuwa na deni la karo. Bila kulilipa kufikia Jumatatu, hangeruhusiwa kufanya mitihani. Chama kilikuwa na takriban Sh40,000 zilizochangwa kwa ajili ya safari ya Lamu. Basi hoja ikaletwa kwamba pesa hizo zimlipie mwenzetu deni, na safari isubiri. Mjadala ulikuwa mkali. Wapo waliosema binadamu kwanza, safari baadaye. Wapo pia waliosema, na hawakuwa watu wabaya, kwamba pesa zilizochangwa kwa jambo moja zikitumiwa kwa jambo jingine, hakuna atakayechanga tena.

Msemaji wa mwisho alikuwa mpinzani. Alimaliza kwa kusema, "Pesa hizi zisiguswe!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi na zomeazomea. Spika wa siku hiyo, binti wa mwaka wa pili, alitaka kumaliza jambo kabla ya mlinzi kuja kufunga mlango. Akauliza: "Waheshimiwa, kwani hamkubali pesa za safari zilipe karo?" Wengine wakapaaza sauti, "Ndiyooo!" Wengine wakajibu, "Hapanaaa!" Spika akatamka: "Waliosema ndiyo wameshinda." Kikao kikaahirishwa.

Mimi sikuwapo. Nilikuwa safarini, katika chuo kingine nikikagua mitihani. Saa tatu usiku simu zikaanza kuingia. "Prof, si tumeshinda? Lakini mhazini anakataa kutoa pesa!" Baada ya dakika chache mhazini naye akapiga: "Prof, hawa watu wanataka kutuchezea. Bunge limekataa, na kila mtu alisikia." Nilidhani ni utani wa vijana. Nikawaambia wazungumze wenyewe wayamalize, nami ningefika Jumatano. Mhazini alisema kweli, na waliompinga pia walisema kweli. Kosa halikuwa la yeyote kati yao. Kosa lilikuwa katika swali.

Tulitazame swali hilo kama wanaisimu. Katika Kiswahili cha wenyeji, jibu la swali lenye ukanushi hulikubali au hulikataa lile lililosemwa kama lilivyo. Ukimuuliza mtu, "Hujala?" naye hajala, atakujibu, "Ndiyo, sijala," maana yake umesema kweli. Ikiwa amekula, atasema, "La, nimekula." Kiingereza hufanya kinyume. Huko jibu hufuata hali ya tendo, wala halifuati umbo la swali: asiyekula hukana, na aliyekula hukubali, hata swali liwe na ukanushi. Wanafunzi wetu wengi wamesoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne, na utawasikia wakisema, "Hapana, sijala," bila kujua kwamba wameazima sarufi ya lugha nyingine.

Kwa hiyo, jioni ile sarufi mbili zilikuwa zimeketi katika ukumbi mmoja. Kwa aliyelelewa Kilifi au Mvita, kusema "ndiyo" kwa swali la "hamkubali?" kulimaanisha: naam, hatukubali, pesa zisiguswe. Kwa aliyezoea mantiki ya Kiingereza, "ndiyo" ile ile ilimaanisha: tunakubali, karo ilipwe. Watu wawili waliokaa bega kwa bega walipiga kelele ya neno moja wakiwa na nia zinazopingana kabisa. Hata tungekuwa na kifaa cha kuhesabu kila sauti, kisingetusaidia kitu.

Neno lenyewe kura linatufaa hapa. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kale ni kile kitu kinachotupwa au kuokotwa ili bahati iamue. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaijua maana hiyo, kwani humo watu hupiga kura bila kuwa na uchaguzi wowote wa kisiasa. Lugha ilichukua neno la bahati nasibu ikalipa kazi ya uamuzi wa hiari. Spika akiuliza swali lisiloeleweka, huirudisha kura kwenye maana yake ya kale. Ni kana kwamba watu wametupa kete.

Basi bunge la kuigiza liendeshwe vipi, hasa likiendeshwa kwa Kiswahili? Nitazipitia hatua zake moja baada ya nyingine, nikionyesha palipo na mtego wa lugha.

Hatua ya kwanza ni akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ili kikao kiwe halali. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 121, imeweka wabunge 50 kwa Bunge la Taifa na 15 kwa Seneti. Chama cha wanafunzi 60 kinaweza kuchagua 20. Idadi yenyewe si hoja kubwa. Jambo kubwa ni kwamba iandikwe mapema na ihesabiwe kwa sauti kabla ya Spika kufungua kikao, ili asije mtu baadaye kusema, "Sisi hatukuwapo, mliamua wenyewe."

Hatua ya pili ni hoja. Neno hili lina mzigo mzito. Hoja ni jambo linalopendekezwa ili bunge liliamue. Hoja pia ni sababu anayoitoa msemaji kutetea msimamo wake. Tena, katika bunge letu, mtu anayesimama kulalamika kwamba kanuni imevunjwa husema anainuka kwa hoja ya nidhamu. Nimewahi kumsikia mwanafunzi akisema, "Nina hoja tatu za kuunga mkono hoja hii, lakini kwanza nina hoja ya nidhamu." Sarufi yake haina kosa, ila msikilizaji mgeni atachoka. Ushauri wangu ni huu: katika bunge la kuigiza, hoja libaki kuwa jina la pendekezo linaloamuliwa. Sababu ziitwe sababu. Malalamiko yaitwe hoja ya nidhamu kwa ukamilifu wake, yasikatwe.

Tukumbuke pia kwamba hoja ya bunge si mada ya mdahalo wa shule. Mdahalo huwa na mada kama vile maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini. Jopo la waamuzi husikiliza, hutoa alama, na aliyezungumza vizuri hushinda. Hoja ya bunge huomba tendo. Huanza na neno "kwamba": Kwamba Bunge hili linaazimia fedha za safari zitumike kulipa deni la karo la mwanachama. Humo mna mtendaji, tendo, na kitu kinachotendwa. Ukiona hoja isiyoonyesha nani atafanya nini, irudishe kwa mwenyewe akaiandike upya. Na iandikwe kwa njia ya kukubali. Anayetaka pesa zisiguswe hahitaji kuleta hoja ya ukanushi. Inatosha aipinge hoja iliyopo.

Hatua ya tatu ni kuwasilisha na kuunga mkono. Mwenye hoja huisoma na kuieleza. Mwingine husimama kuiunga mkono ili ijadiliwe. Hapa tena wanafunzi hukwama, kwa kuwa kuunga mkono katika mazungumzo ya kawaida ni kukubaliana kabisa. Bungeni, anayeunga mkono huonyesha kwamba hoja hiyo si ya mtu mmoja peke yake na kwamba inastahili wakati wa bunge. Baada yake Spika huitaja hoja kwa ukamilifu na kuufungua mjadala. Kabla ya hapo hakuna mjadala, yapo maneno ya wawili tu.

Hatua ya nne ni mjadala wenyewe. Kanuni zake ni chache. Kila mjumbe huzungumza mara moja kwa hoja moja, isipokuwa mwenye hoja, ambaye hupewa nafasi ya kujibu mwishoni. Muda hupimwa. Anayezungumza hukaa kwenye jambo lenyewe. Na maneno yote huelekezwa kwa Spika.

Hiyo ya mwisho ndiyo wanafunzi huiona kuwa ya kuchekesha. "Kwa nini nimwambie Bi Spika ilhali ninayebishana naye ni huyu hapa?" Jibu limo katika viambishi vyetu vya nafsi. Linganisha sentensi hizi mbili: "Umedanganya," na, "Bi Spika, Mheshimiwa amepotosha." Ya kwanza ina nafsi ya pili, nayo humgonga mtu kifuani. Ya pili ina nafsi ya tatu. Mtu anayesemwa amesogezwa hatua moja kando, na katikati amewekwa Spika. Hasira haiishi, ila inapata pa kupitia. Waswahili tunaijua njia hii tangu nyumbani. Wazee wawili wenye ugomvi huzungumza kupitia kwa mshenga au mzee wa tatu, kila mmoja akisema, "Mwambie ndugu yako..." ilhali ndugu yenyewe anasikia. Kwa hiyo kanuni hii ina mizizi katika adabu zetu wenyewe.

Mjumbe akitoa neno la matusi, Spika humtaka aliondoe. Kuliondoa ni tendo linalofanywa kwa maneno, na maneno yake yana umbo maalumu: "Naliondoa neno hilo na ninaomba radhi." Mwanafunzi akisema, "Kama kuna mtu ameumia, basi pole," hajaondoa kitu. Ameweka sharti la "kama", na ameuhamisha mzigo kutoka kwa msemaji hadi kwa aliyeumia. Spika mwenye sikio la lugha hatakubali.

Iko pia kanuni ya lugha ya mjadala. Kifungu cha 120 cha Katiba kinataja lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa nazo zinamtaka mbunge anayeanza hotuba yake kwa lugha moja kati ya hizo aimalize kwa lugha hiyo hiyo. Wapo wanaoona kanuni hii ni ya kuwabana watu. Mimi naiona ni ya kumlinda msikilizaji. Tuna historia hapa. Mnamo Julai 1974, Mzee Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni, na wabunge waliokuwa wamezoea Kiingereza wakajikuta wakijadili kwa Kiswahili miswada iliyokuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Mwaka wa 1979 Kiingereza kikarejeshwa kando ya Kiswahili. Miaka hiyo mitano inatufunza kwamba agizo peke yake halitoshi. Istilahi za utaratibu zinapaswa ziwepo, zikubaliwe, na watu wazizoee. Ndiyo maana nilifurahi mwaka wa 2019 Kanuni za Kudumu zilipozinduliwa kwa Kiswahili. Kila chama cha Kiswahili chuoni na shuleni kinafaa kuwa na nakala.

Hatua ya tano ni marekebisho, na hapa bunge nyingi za kuigiza huzama. Tuseme mjumbe anapendekeza maneno "fedha za safari" yabadilishwe yawe "nusu ya fedha za safari". Hilo ni jambo jipya, na lina kura yake. Hujadiliwa na kuamuliwa kwanza. Likipita, hoja husomwa upya ikiwa na sura mpya, kisha hupigiwa kura. Likianguka, hoja ya awali hubaki ilivyokuwa, nayo hupigiwa kura. Kura ni mbili. Nimeona wanafunzi wakipitisha marekebisho, wakapiga makofi, wakaondoka, wakiamini wamepitisha hoja. Kumbe walichopitisha ni neno "nusu" tu. Spika aseme waziwazi kila mara: "Tunachoamua sasa ni marekebisho pekee. Hoja bado."

Hatua ya sita ni kuufunga mjadala na kuuliza swali. Mjadala usipofungwa rasmi, watu hupiga kura huku wengine wakiendelea kuzungumza. Mjumbe yeyote anaweza kuomba swali sasa liulizwe. Spika naye ana haki ya kukataa ombi hilo akiona upande mmoja haujapata nafasi. Akikubali, mwenye hoja hujibu, kisha hakuna tena mazungumzo.

Halafu ndipo Spika hulitamka swali. Hii ndiyo sentensi muhimu kuliko zote katika kikao kizima, lakini ndiyo isiyofundishwa. Mimi mwenyewe sikuwa nimeifundisha. Nilikuwa nimewafunza vijana wangu kuhutubu, kutumia methali, kupanga sababu na kudhibiti sauti. Sikuwa nimewafunza kuuliza.

Swali la kura lina masharti matatu. Kwanza, lisomwe kutoka kwenye karatasi, neno kwa neno kama hoja ilivyoandikwa. Spika asitumie maneno ya msemaji wa mwisho. Pili, lisiwe na ukanushi hata mmoja: asiseme "hamkubali", wala "zisitumike", wala "kwani". Tatu, litaje jibu litakalotumiwa na maana yake. Kwa mfano: "Swali ni kwamba fedha za safari zitumike kulipa deni la karo la mwanachama. Wanaotaka zitumike waseme Ndiyo." Anyamaze. Asikilize. Kisha: "Wanaopinga zisemwe sauti zao kwa neno La."

Mbona La? Kwa sababu ya masikio. Maneno "ndiyo" na "siyo" yameundwa kwa ufundi mmoja: kiini "ndi" au "si", kikifuatwa na "yo". Ukiyasema polepole yanatofautiana. Yakipazwa na watu 40 kwa pamoja, kinachosikika ni "iyooo". Nalo "hapana" lina historia yake: ni kikanushi cha mahali, ha-pa-na, yaani mahali fulani hamna kitu. Limekubalika kuwa jibu la kukataa, nami silipingi, lakini ni refu, na mwisho wake humezwa na kelele. "La" ni silabi moja, haifanani na "ndiyo" hata kidogo, na haina maana nyingine katika nafasi hiyo.

Baada ya sauti, Spika hutoa maoni yake: "Nadhani walioafiki wameshinda." Tafadhali tusilifute neno "nadhani". Baadhi ya wanafunzi huliona la woga wakataka Spika atamke kwa uhakika kama refa. Lakini "nadhani" ni mlango ulioachwa wazi. Humwambia mjumbe: hayo ni masikio yangu, ukiwa na shaka, sema sasa. Wajumbe wa idadi iliyowekwa na kanuni wakisimama kupinga, kura ya kugawanyika huitishwa. Hapo watu huhesabiwa mmoja mmoja, kwa kusimama, kwa kupita upande huu na ule, au kwa majina yao kuitwa. Binti yetu hakusema "nadhani". Alisema wameshinda, akaahirisha kikao. Mlango ulikuwa umefungwa kabla ya mtu kuugundua.

Katika kuhesabu, lugha ina mtego mwingine. Kifungu cha 122 cha Katiba kinasema maamuzi hufanywa na wingi wa wabunge waliopo na wanaopiga kura. Hiyo ni tofauti na wabunge wote. Kuirekebisha Katiba, kwa mfano, huhitaji thuluthi mbili ya wabunge wote wa kila bunge. Bunge la Taifa lina wabunge 349, kwa hiyo huhitajika 233, hata kama waliofika siku hiyo ni 240. Chama chenye wanachama 60 kikiandika tu "thuluthi mbili", bila kusema ni thuluthi mbili ya akina nani, kimejiwekea ugomvi. Ikiwa ni ya wote, watahitajika 40. Ikiwa ni ya waliopo, na waliopo ni 36, watatosha 24. Kati ya 24 na 40 kuna nafasi ya kutosha ya watu kugombana.

Kifungu hicho hicho kinasema anayeongoza kikao hana kura, na kura zikilingana, hoja imeshindwa. Wanafunzi hushangaa: "Sasa Prof, kwa nini sare iwe ushindi wa wapinzani?" Si ushindi wa mtu. Hoja ni ombi la kubadilisha hali iliyopo. Anayeomba mabadiliko ndiye mwenye wajibu wa kupata wengi. Asipowapata, hali hubaki ilivyokuwa. Na mbunge mwenye maslahi ya kifedha katika jambo linaloamuliwa haruhusiwi kulipigia kura. Katika kisa chetu, mwenzetu mwenye deni alikuwa ukumbini. Kwa heshima yake alikaa kimya wakati wa kura, bila kuambiwa na mtu.

Nirudi kwake. Nilifika chuoni Jumatano. Upande wa mhazini ulikuwa umepata silaha mpya: kanuni kwamba jambo lililokwisha kuamuliwa halirejeshwi mara moja mbele ya bunge. Kanuni hiyo ipo, na ina maana, kwani bila hiyo walioshindwa wangerudisha hoja kila siku mpaka wenzao wachoke. Lakini nilimwomba karani asome kumbukumbu. Alikuwa ameandika swali kama lilivyoulizwa, Mungu ambariki. Niliwauliza wale wa "ndiyo" wasimame, kisha kila mmoja aseme alichokuwa akikitaka. Walipomaliza wanane wa kwanza, wanne walikuwa wametaka karo ilipwe, na wanne walikuwa wametaka pesa zisiguswe. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Jambo ambalo halikuulizwa haliwezi kuwa limeamuliwa.

Kikao maalumu kikaitishwa Alhamisi. Spika alikuwa yule yule binti. Alisoma hoja kutoka kwenye karatasi, akaliuliza swali kwa kukubali, akataja Ndiyo na La, akasema nadhani, na kura ya kugawanyika ikaitishwa. Waliotaka karo ilipwe walikuwa 23. Waliopinga walikuwa 14. Mhazini, aliyekuwa miongoni mwa wale 14, alitoa pesa siku iyo hiyo bila kinyongo.

Lakini Jumatatu ilikuwa imeshapita. Orodha ya watahiniwa ilikuwa imefungwa. Tulizunguka ofisi moja hadi nyingine, na kila mahali tuliambiwa kwamba kanuni ni kanuni. Mwenzetu alifanya mitihani yake mwaka uliofuata, na akahitimu nyuma ya wenzake. Hajawahi kunilaumu. Mimi, niliyeambiwa jambo usiku ule wa Alhamisi nikadhani ni utani, najua sehemu yangu.

Kwa walimu wanaolea vyama vya Kiswahili, hasa wakati huu ambapo shule nyingi zinapenda kuwa na bunge za wanafunzi, nina ombi moja. Msiwape vijana majoho na vyeo kabla ya kuwapa sentensi. Mfunzeni Spika kuuliza kabla ya kumfunza kuamrisha ukimya. Na kabla ya kura yoyote, hoja iandikwe ubaoni kwa chaki, kubwa, bila ukanushi, ili hata aliyeketi nyuma kabisa ajue "ndiyo" yake itafanya nini.